Shajara ya mradi: picha zote sehemu moja kwenye mahafali na harusi, Mtwara

Mwezi wa tano

Naanza kuandika kabla sijagusa kitu ili kila mtu kwenye kikundi ajue tunataka nini na hela inaenda wapi. Kituo chetu kipo Mtwara mjini ila kazi zinatupeleka kote, Mikindani, Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi, na upande wa pili Lindi. Kazi zenyewe ni harusi na mahafali ya shule, na mahafali ndo inayotuumiza kichwa. Bwana harusi anaweza kusubiri albamu hata mwezi. Mzazi aliyeshuka kutoka Newala asubuhi kuja kumwona mwanae anamaliza kidato cha nne anataka picha mkononi kabla hajapanda gari la kurudi, akishapanda ndo basi, ile picha haina mnunuzi tena na yeye anafika nyumbani hana cha kutundika ukutani. Hilo la mwisho linaniuma kuliko hela.

Tunavyofanya sa hivi: kamera tatu zinapiga, kadi zinaletwa mezani, kuna laptopu mbili za kuediti na moja ya kuchapa. Kila anayeediti anakopi kadi kwenye mashine yake, akimaliza anaweka picha kwenye fleshi, fleshi inaenda kwa dada wa printa. Mzazi akija kuulizia picha yake tunaulizana, ipo kwako? hapana, labda kwa huyo hapo, afu kumbe kadi moja imekopiwa kwenye mashine mbili na nyingine haijakopiwa popote, maana hamna anayejua mwenzie amechukua ipi. Ikifika jioni picha moja ipo sehemu nne, nyingine ipo kwenye kadi tu, na hakuna mtu anayeweza kusema kwa uhakika kadi hii ifutwe au isifutwe. Kila mtu hapo anafanya kazi vizuri kabisa, ila kazi zenyewe hazina makutano.

Kwa hiyo lengo ni moja. Picha ikitoka kwenye kamera iingie sehemu moja, mashine zote ziione hapo hapo, na mtu mmoja tu ndo awe na ruhusa ya kuingiza. Kasi inafuata nyuma. Kuna jamaa zangu wa fani wanasema tatizo letu ni kasi, nunueni diski za bei, mimi sikubaliani, diski ya kasi ukiipitisha mkononi kwa watu wanne bado ni ile ile foleni ya fleshi.

Na la kupandisha picha mtandaoni tuliache mapema. Mahafali moja kubwa kamera tatu zinatoa kama gigabaiti 200 ukijumlisha na RAW, yaani mafaili ghafi ya kamera. Hata ukipata intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba, hiyo ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, maana yake masaa 44 na ushee. Lazima iwe mtandao wa ndani, pale pale chini ya turubai, usiotegemea mnara wa simu kabisa.

Mashine ipi

Nimezunguka sana na hili. Vile viboksi maalum vya kuhifadhia data vya kuunganisha kwenye mtandao ni vizuri ila bei yake kwetu ni kubwa, na vinataka umeme wa ukutani muda wote. Desktopu ya mtumba ni rahisi ila ni mzigo, na umeme ukikatika inazima hapo hapo katikati ya kuandika, labda ununue na UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, ambayo nayo ni mzigo mwingine.

Nilichoamua ni kwamba seva yetu, yaani mashine ya kuhifadhi picha za wote, iwe laptopu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Kioo hatukihitaji. Ina vitu vitatu navyovitaka, tundu la waya wa mtandao la gigabiti, nafasi ya diski mbili, na betri. Hiyo betri ndo UPS yenyewe tayari, umeme ukienda seva haijui kama umeenda. Diski ya kwanza ni SSD (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya terabaiti 1 mahali pa diski ya kawaida, ya pili ni SSD kama hiyo kwenye kile kifremu kinachoingia mahali pa DVD. Kwenye laptopu nyingi za zamani lile tundu la DVD ni SATA (njia ya kuunganisha diski) ya kizazi cha nyuma, ila hata SATA 2 inaenda mpaka karibu megabaiti 300 kwa sekunde na waya wa gigabiti kiukweli unapitisha 110 mpaka 115, kwa hiyo diski sio kikwazo.

Kitu kidogo kinachosumbua wengi: laptopu ukifunga kifuniko inalala. Kwenye Debian, mfumo wa Linux tunaouweka kwenye seva, unaingia kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf, unaweka HandleLidSwitch=ignore, unawasha upya, basi. Ila kifuniko nakiacha wazi kidogo, kuna laptopu zinapumua kupitia kibodi na joto la huku pwani halina huruma.

Waya

Hapa ndo nimejifunza mengi na hapa ndo naomba mtu asome taratibu.

Swichi, kile kiboksi cha kuunganisha waya za mashine zote, ni ya matundu 8, gigabiti yote. Angalia sana hapo dukani, ruta nyingi za bei nafuu matundu yake ni ya megabiti 100, na 100 maana yake ni megabaiti 11 hivi kwa sekunde. RAW yetu moja ni kama megabaiti 25. Kwenye 100 unasubiri sekunde mbili na zaidi kila picha ukiifungua, kwenye gigabiti sekunde moja inapitisha picha nne. Kwa mtu anayepitia picha elfu mbili hiyo ndo tofauti ya kumaliza saa kumi na kumaliza usiku.

Sasa, swichi gigabiti, laptopu gigabiti, na bado mashine moja ya kuediti ilikuwa inaburuta. Ukiangalia kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows inaandika 100/100 wakati wenzie wote wanaandika 1000/1000. Tukabadilisha tundu, hamna. Tukabadilisha laptopu, hamna, tatizo linabaki kwenye waya ule ule. Ule waya tulinunua ukiwa umeshabanwa vichwa. Ukiutazama kichwa kwa tochi ya simu, zile nyaya nane ndani zimefika mbele zote isipokuwa moja, ile ya kahawia, imeishia kama milimita mbili nyuma, kwa hiyo meno ya shaba hayajaigusa. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu za nyaya, gigabiti inataka jozi zote nne. Ikikosekana moja ya zile mbili za ziada mashine nyingi hazigomi, zinashuka kimya kimya kwenda 100 na wewe unabaki kuilaumu laptopu.

Nikakata kichwa, nikabana kipya kwa mpangilio ule wa kawaida: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ikapanda 1000 pale pale. Tangu hapo testa ya waya inakaa kwenye boksi, taa nane lazima ziwake moja mpaka nane kwa zamu ndo waya unaruhusiwa kuingia kazini. Na waya nanunua wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi kweli ila ukiukunjakunja kila wikiendi unakatikia ndani, na sisi tunakunja kila wikiendi.

Urefu sio shida, gigabiti kwenye waya mzuri inafika mita 100, na kutoka bwaloni mpaka kwenye turubai la picha kwenye shule nyingi haifiki hata nusu yake.

Waifai? Nimeipa kazi moja tu, tableti ya kuonyeshea picha wateja. Kwenye 2.4GHz kuna chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, sasa weka wazazi mia tatu na simu zao, nusu wamewasha hotspoti, na miili yenyewe ya watu inameza mawimbi. Mtu akikwambia waifai inatosha kwa kuediti, muulize ameijaribu ukumbi ukiwa mtupu au umejaa.

Mwezi wa sita, programu

Debian na Samba, programu inayofanya folda za seva zionekane kwenye mashine za Windows. Kuna OpenMediaVault ambayo inakupa kurasa za kubonyeza bonyeza, na ni nzuri kwa asiyetaka kuandika amri, ila mimi nilitaka kujua kila mstari umefanya nini ili ikikwama porini nijue pa kushika.

Folda ni hizi. KADI, hapa ndo picha ghafi zinakaa, wote wanasoma, mashine ya meza ya kadi peke yake ndo inaandika. Kwenye Samba ni mistari miwili tu, read only = yes, afu write list = meza. Hiyo mistari miwili kwangu ndo mradi mzima. Anayeediti hata akishika kitufe cha kufuta kwa bahati mbaya usiku amechoka, picha ghafi haitikisiki. KAZI, kila anayeediti ana folda yake humo. TAYARI, picha zilizokamilika kwa kuchapa. IMETOKA, dada wa printa akishachapa anahamishia huku, kwa hiyo ukitaka kujua foleni ya printa ikoje unafungua TAYARI unahesabu kilichobaki.

Kila mtu ana jina na nenosiri lake. Mwanzoni mpwa wangu alisema si tuache wazi tu, tupo wenyewe. Kwanza laptopu mpya zenye Windows 11 siku hizi zinakataa folda za mgeni zisizo na nenosiri, na mimi naona ziko sawa. Pili, hizi ni picha za watoto wa watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, mzazi ameniamini mimi na sura ya mwanae, sio yeyote atakayechomeka waya kwenye swichi yangu.

Anwani tumeweka kwa mkono, seva 192.168.10.2 na wengine wanafuata. Hamna ruta ya kugawa anwani kwenye meza. Usipoweka anwani, Windows inajipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, mashine inaonekana imeunganishwa na folda huioni.

Sasa kuhusu diski mbili. Watu wengi watakwambia weka RAID 1, diski ya pili iwe kioo cha ya kwanza. Nimekataa, na sababu ni hii: kioo kinaiga kila kitu sekunde ile ile, ukifuta imefutika kote, faili likiharibika limeharibika kote. Inakulinda diski ikifa, haikulindi na mtu. Mimi nimeweka rsync, programu ya kunakili faili, kila baada ya dakika kumi inapeleka vipya vya KADI kutoka diski ya kwanza kwenda ya pili, haifuti chochote kule, na kilichokwishafika hairuhusiwi kukiandika juu.

Hapo kuna mtego. Rsync ikipita wakati kadi bado inakopiwa itabeba nusu ya faili, na kwa kuwa nimeiambia isiguse kilichopo, ile nusu itabaki nusu milele. Kwa hiyo meza ya kadi inakopi kwanza kwenye folda inaitwa INAINGIA, programu ikishalinganisha faili moja moja na kadi ndo folda nzima inahamishiwa KADI. Ndani ya diski moja kuhamisha ni kubadilisha jina tu, inaisha papo hapo hata kama ni gigabaiti 60.

Lightroom

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Lightroom, programu yetu ya kuediti: je tunaweza wote kufungua katalogi moja? Hapana. Katalogi ya Lightroom Classic ni hifadhidata ya mtu mmoja, na yenyewe inakataa kuifungua ikiwa kwenye diski ya mtandao. Picha zinaweza kukaa kwenye seva bila shida, katalogi inabaki kwenye SSD ya kila laptopu.

Sisi kila anayeediti anapewa folda zake na hagusi za mwenzie. Wawili wakiediti RAW moja na kila mmoja anaandika faili la XMP, lile linalotunza marekebisho, pembeni yake, wa mwisho kuhifadhi ndo anabaki, wa kwanza kazi yake imepotea bila onyo. Na kwa kuwa KADI haiandikiki, RAW za kuediti harusi zinakopiwa KAZI kwanza, XMP zinakaa huko. Inakula nafasi, sawa, nafasi inanunulika.

Mwenye safari ndefu atumie zile Smart Preview, picha ndogo za pikseli 2560 upande mrefu, anaediti kwenye gari kutoka Masasi na seva imezimwa kwenye boksi, akirudi kituoni anaunganisha.

Kwa mahafali tumerahisisha zaidi. Kamera zina matundu mawili ya kadi, RAW inaenda la kwanza na JPEG la pili, na kinachokimbilia meza ya kuchapa ni kadi ya JPEG tu. Kadi rida nayo iangaliwe, ile ya USB 2 inapitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde, kadi ya gigabaiti 64 iliyojaa ni zaidi ya nusu saa, wakati rida ya USB 3 na kadi hiyo hiyo ya UHS-I (kiwango cha kasi ya kadi) ni dakika kumi na mbili hivi. Ndo kitu cha bei ndogo kilichotupa faida kubwa kuliko vyote.

Majina na saa

Kamera mbili za kampuni moja zote zinaanza DSC, zote zinafika 9999 zinarudi 0001, siku moja zitakutana jina. Nikon unaweza kubadilisha zile herufi tatu ukaweka zako, na kamera nyingi za Sony nazo zina sehemu hiyo. Zetu ni A, B na C.

Zaidi ya hapo meza ya kadi inabadilisha jina kwa programu ya exiftool, mbele inaweka saa na dakika ya kupigwa, kwa hiyo picha inaitwa 1312_A_0457. Lazima saa za kamera zote zifanane, tunaziweka pamoja asubuhi kwa kufuata simu moja. Na mezani kwa dada wa wateja nimebandika karatasi, saa saba ni 13, saa nane ni 14, mpaka saa kumi na mbili ni 18, maana mzazi hatakwambia saa kumi na tatu.

Mwezi wa saba, harusi Mikindani

Jaribio la kwanza la ukweli. Waya tumepitisha ukutani na tepe pana, pale penye mlango tukapitisha juu, kwa sababu shangazi zake bi harusi wakiingia na ngoma hawaangalii chini na wala hawatakiwi kuangalia chini.

Umeme ulikatika katikati ya chakula. Taa zimezima, spika zimenyamaza, mshereheshaji anapiga kelele bila maiki, na kadi ilikuwa nusu ya kukopiwa. Laptopu zote zina betri, seva ina betri, na swichi yangu ni ya volti 5 kwa hiyo ilikuwa imechomekwa kwenye pawabanki. Kadi ikaendelea mpaka mwisho kama hakuna kilichotokea. Jenereta lilipowashwa printa ndo pekee iliyokuwa inasubiri. Mnaonunua swichi, soma nyuma yake imeandikwa volti ngapi, ya volti 5 inakula pawabanki ya kawaida kwa waya wa USB, ya volti 9 au 12 haitaki hivyo hivyo.

Nanenane, Lindi

Viwanja vya Ngongo. Hapa hatukuwa na mahafali ila watu wanataka picha na familia, na mabanda yanataka picha za bidhaa siku hiyo hiyo. Vumbi ndo habari kubwa. Nimehamishia seva kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, nimetoboa pande mbili na kuweka kitambaa cha chujio, kitambaa kinakung'utwa kila jioni. Joto la diski nalisoma kwa programu ya smartctl, halijavuka nyuzi 50 mpaka sasa.

Tableti ya waifai ilikufa kabisa tarehe 8, watu wamejaa, haikamati. Tukaiweka pembeni, tukachomoa laptopu moja ikawa ya wateja kwa waya. Kuanzia hapo tableti ni ya siku nyepesi tu.

Mwezi wa tisa, mahafali

Hii ndo kazi niliyoanzia mradi, na naandika usiku huu huu nikiwa bado nina nguvu.

Utaratibu ulivyokwenda: kadi inafika, kijana wa meza anaipokea, anaichomeka, ikishalinganishwa na kuhamia KADI anasukuma ile swichi ndogo ya pembeni ya kadi iende kwenye kufuli, kadi inaingia kwenye kopo jekundu. Kopo jekundu halifunguliwi mpaka nakala ya tatu ya picha, baada ya zile mbili za seva, iwekwe kituoni. Mpiga picha anapewa kadi kutoka kopo la kijani. Hamna maswali, hamna nani kachukua nini. Kadi ikiwa na kufuli hata ikirudi kwenye kamera kwa haraka kamera inakataa kuiandika.

Mchana akaja mama mmoja wa makamo na kitenge chake kizuri, anafuta jasho, gari lao la Kitangari limeshawashwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mie picha yangu na mjukuu, tumepiga pale mwembeni, gari lataka kuondoka."

"Mlipiga saa ngapi mama?"

"Saa saba, saa saba na kidogo. Alipiga yule kijana mrefu."

Kijana mrefu ni kamera B. Dada akaandika 13 na B kwenye kisanduku cha kutafuta, picha zikashuka, mama akaweka kidole kwenye kioo, hii, mie nimecheka hapa. Ilikuwa bado haijaeditiwa. Dada akaita namba, anayeediti akaifungua pale pale alipokaa, akarekebisha mwanga wa uso maana chini ya mwembe uso ulikuwa na kivuli, akaitupia TAYARI, printa ikaanza kuvuta karatasi. Hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti. Mama akaishika kwa pembe ili isichafuke, akaomba bahasha, akaondoka nusu anakimbia na gari likamsubiri.

Kwa utaratibu wa zamani ile picha isingepatikana, nasema kwa uhakika, ingekuwa ndani ya laptopu mojawapo na tusingejua ipi mpaka gari limeshafika Nanyamba.

Yaliyosumbua leo. Kuna wakati mashine zote zilivuta kwa pamoja na zikawa nzito, hiyo ni kawaida, waya mmoja wa seva wanagawana 115 wote. Dawa yake ni kwamba RAW zisiingizwe wakati wa foleni, zinasubiri mpaka wazazi wapungue. Kichwa kimoja cha waya kimeanza kuota kutu ya kijani, hewa ya chumvi hiyo, nimekata nimebana kipya. Na wino wa printa uliisha rangi moja kabla ya nyingine, hilo halihusiani na seva ila naliandika ili lisirudie, chupa za akiba za kila rangi ziwe kwenye boksi.

Mwezi wa kumi

Nakala ya tatu sasa ni diski ya nje ya terabaiti 4 inayokaa kituoni, na haisafiri kabisa. Tukirudi tu kutoka kazini, kabla mtu hajaoga, seva inachomekwa na rsync inaanza, hii mara moja nalinganisha kwa kusoma faili zima sio ukubwa na tarehe tu, inachukua muda mrefu lakini ndo inayonipa ruhusa ya kufungua kopo jekundu. Diski hiyo nimeiweka mfumo wa faili wa exFAT mwanzoni ili Windows na Mac zote ziandike, afu nikaibadilisha kuwa ext4 ya Linux, kwa sababu exFAT haina jarida la kumbukumbu na umeme ukikatika katikati ya kuandika inaweza kuvurugika, na hiyo diski haina haja ya kuchomekwa kwenye Windows, anayetaka kitu ataomba kupitia seva.

Korosho zimeanza kuuzwa, na hela ya korosho ikishaingia harusi zinapangana, wikiendi moja kazi mbili. Kwa hiyo kilichobaki ni seti ya pili. Laptopu nyingine ya mtumba nimeshaiona, kioo chake kizima bahati mbaya, kwa hiyo bei iko juu kidogo, naendelea kuongea na mwenye nayo. Diski zinatoka Dar na basi wiki ijayo.

Nimeandika karatasi ya maelezo, nimeibandika ndani ya kifuniko cha boksi na kuifunika kwa nailoni: namba za anwani, waya upi uende tundu lipi, testa kwanza, saa za kamera, INAINGIA kabla ya KADI. Mpwa wangu ameifunga seti nzima peke yake jana bila kuniita, ameanza na testa kama inavyotakiwa. Jumamosi anaenda nayo Tandahimba na kamera mbili, mimi naenda Lindi na laptopu moja na kadi za kutosha, seti ya pili ikiwahi kukamilika naenda nayo.